Mama Aliyetuchagulia Vitabu

Juma lililopita mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka kwenye maktaba mpya hapa Masasi, nikapaone anaposhinda kila Jumamosi. Ni chumba kimoja tu, chenye rafu za mbao zinazonukia rangi mbichi. Mlangoni wamebandika karatasi: "Wahudumu wa maktaba wanakupendekezea," na chini yake majina ya vitabu, kisha majina ya filamu zitakazoonyeshwa gari la sinema litakapopita mwezi huu. Kijana wa mezani aliponiona nimesimama pale aliinuka kwa adabu. "Shikamoo bibi," alisema. "Karibu ndani. Nikuchagulie kitabu?"

Nilishindwa hata kuitikia marahaba. Machozi yalinitoka mbele za watu, mjukuu wangu akadhani jua limenizidi, akanikalisha kwenye benchi na kuniletea maji. Sikumweleza. Nakueleza wewe, rafiki yangu, kwa kuwa najua hutanikatiza. Mara ya mwisho mtu kusema nami maneno kama yale nilikuwa mtoto wa miaka kama kumi, na nchi hii ilikuwa mikononi mwa Wadachi.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya majabali, kwenye njia itokayo Chiwata. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nta na tumbaku, Mwislamu aliyejijengea kimsikiti cha fito uani. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na bibi, mama yake baba, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Alfajiri ilianza kwa pimbi kulia majabalini, kisha baba akaadhini, kisha kengele ya misheni ikaitikia ng'ambo ya kijito. "Hao wawili wanagombania usingizi wangu," bibi alizoea kusema. Baada ya hapo ilikuwa ni michi tu, kila ua unatwanga mtama. Tulikula ugali wake kwa mbaazi, na mvua za kwanza zikinyesha tulikula uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga za kutwanga, mpaka nguo zetu zinukie uyoga.

Kazi yangu moja ilikuwa kupeleka mayai jikoni misheni. Ndiko nilikoliona kabati. Lilikuwa la mninga, refu kuliko baba, limesimama katika chumba cha mawe kando ya shule. Miguu yake ilikuwa ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Ukifungua mlango wa chumba kile ulipokewa na harufu ya mafuta, gundi na karatasi iliyokaa sana, harufu ambayo sijaikuta tena mahali popote.

Aliyelitunza alikuwa mama mfupi, mnyamavu, anayechechemea kidogo. Sote tulimwita Mama Vitabu. Alitekwa angali mtoto ng'ambo ya Ruvuma, akauzwa, akakombolewa baharini, akasomeshwa Unguja, akaja Masasi pamoja na wengine waliokombolewa kama yeye. Jina la kijiji chao hakulikumbuka. Wazungu walimpa ufunguo wa kabati kwa sababu mikono yake ilikuwa safi na hakuwa na haraka.

Mimi sikuwa mwanafunzi wa misheni. Nilikuwa mtoto wa mayai. Lakini nilizoea kusimama dirishani darasa likisoma herufi, nami nikizichora mchangani kwa kidole cha mguu, hadi siku moja Mama Vitabu alinikuta.

"Umeandika nini?" aliniuliza.

"Sijui, mama. Nimeiga tu."

"Umeandika 'mama'. Ingia unawe mikono."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, kunawa kwanza. Kulikuwa na bakuli la udongo na kipande cha kaniki cha kujifutia. "Kitabu hakili mtama," alizoea kutuambia, "lakini kinaliwa na mafuta ya mikono." Mchana baada ya mchana alinifundisha, na nilipoweza kusoma peke yangu akaanza kunipa vitabu.

Nataka uelewe namna alivyotoa vitabu, maana ndipo penye moyo wa habari hii. Hukuruhusiwa kugusa kabati. Ulisimama mbele yake, naye akakutazama. Angekuuliza umekula nini jana, nani amekuudhi, umeota nini. Kisha angegeuka, akanyoosha mkono bila kutafuta, akakupa. Mwashi mmoja aliyegombana na mkewe alipewa kitabu cha hadithi za kuchekesha, akaambiwa akakisome kwa sauti karibu na jiko. Mwalimu aliyejivuna kwa Kidachi chake kipya alipewa kitabu cha watoto wanaoanza, akakichukua kwa hasira, na baada ya siku mbili akakirudisha akicheka. Sikumbuki mtu aliyepewa kisichomfaa.

Baba aliposikia habari hizo alikwenda misheni amekunja uso. Nilimfuata nyuma.

"Mama, huyu mtoto ni wa Kiislamu," alimwambia. "Unamlisha nini humu?"

"Karibu, Baba Somoe," Mama Vitabu alijibu kwa utulivu. "Ninamlisha herufi tu. Dini yake iko kwako. Hebu niambie, safari yako ya mwisho na nta ulifika wapi?"

Baba alijikuta anasimulia: Lindi, Kilwa, mawimbi, maharamia wa mizani. Mama Vitabu alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kitabu cha safari za pwani chenye picha za bandari. Baba alijua herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo ikawa kazi yangu kumsomea jioni. Alibishana nacho ukurasa hata ukurasa. "Mwongo huyu! Kilwa hajafika!" Lakini kilipokwisha, yeye mwenyewe aliniuliza, "Yule mama ana kingine?"

Tulikuwa na jirani, mchonga mizinga. Alichonga mizinga ya nyuki, akaipandisha mitini, na nta yake yote alimuuzia baba. Mkewe alikuwa mfinyanzi. Hawakuwa na mtoto. Kila alipovuna asali alinipa kipande cha sega, nikatafuna hadi nta igande menoni, naye akacheka kwa furaha kama mtu anayejilisha mwenyewe. Naomba umkumbuke hivyo.

Halafu habari za maji zikaanza kushuka kutoka kaskazini. Tulisikia kuwa kule watu wamechoka na pamba ya akida, yule msimamizi wa Wadachi, na kiboko chake, wamepewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Mwanzoni watu walinong'ona visimani. Kisha vijana wakaanza kutoweka. Mchonga mizinga alikuwa amechapwa na akida mwaka ule kwa kutohudhuria kazi ya barabara, mgongo wake ukafanya mistari. Asubuhi moja mkewe alikuja kwetu na mikono yenye udongo, akamwambia bibi kwa sauti ndogo, "Amekwenda kunywa maji."

Wapiganaji walipokaribia, wazungu wa misheni waliamua kukimbilia pwani na watu wao. Mchana ule nilikwenda na kikapu changu nikakuta fujo: mizigo, mbuzi, watoto wakilia. Mama Vitabu alikuwa amefungua milango yote miwili ya kabati. Mzungu mmoja alimwambia afukie vitabu shimoni. Alikataa.

"Vikikaa pamoja vitaungua pamoja," alisema. "Nitavitoa."

Akavitoa. Alimwita kila aliyepita barazani, Mkristo, Mwislamu, asiye na dini, ajuaye kusoma na asiyejua, na hata katika mchana ule, rafiki yangu, hakutoa ovyo. Alimtazama kila mmoja usoni. Mke wa mchonga mizinga alipopita na mtungi kichwani, alimsimamisha, akampa kitabu chenye picha za nyuki.

"Hatujui kusoma, mama," mfinyanzi alisema.

"Mumeo atakijua. Akirudi, mwambie ni wake mpaka nitakapokiulizia."

Mimi nilipewa kidogo chenye jalada la kijani. "Hiki si chako," aliniambia. "Ni cha bibi yako. Ni habari ya binti anayewatafuta ndugu zake, anavuka mito saba. Msomee mto mmoja kwa siku. Usimkimbize."

Siku mbili baadaye tulikimbia. Baba alitupandisha uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Mnyambe, kwa rafiki yake wa biashara. Bibi alitembea ameshika bega langu safari nzima. Kutoka kule juu tuliona moshi bondeni, na wasafiri wakatuambia misheni imechomwa.

Kule juu vichaka ni vizito na maji hakuna. Wanawake walitoka alfajiri kuteremka bondeni, wakarudi jua limepanda na mtungi mmoja mmoja. Nilikwenda nao. Niliporudi, miguu inatetemeka, bibi alikuwa amekwisha kukaa mkekani akinisubiri. "Haya, tuvuke," alisema. Nikamsomea mto mmoja. Nilipotaka kuendelea alinizuia. "Mama Vitabu amesemaje? Mto mmoja." Tukawa tunakisia usiku kucha binti yule atavukaje kesho.

Tulifika mto wa tano. Siku iliyofuata baba aliteremka kwenda kutazama mabaki ya nyumba yetu. Mchana akaja mtu mbio, akisema wapiganaji wanapanda huku, wanapekua nyumba, anayekutwa na karatasi ya misheni anauawa pamoja na wote waliomo nyumbani. Mwenyeji wetu alikuwa shambani. Nilikuwa peke yangu na bibi na moto wa jikoni. Ningeweza kukifukia, mchanga ulikuwa laini kila mahali. Sikufikiri. Nilikitia kitabu motoni, nikakisukuma kwa kijiti.

"Kinaungua nini?" bibi aliuliza.

"Makapi, bibi."

Hawakuja. Hakuna mpiganaji hata mmoja aliyefika pale. Jioni bibi alipokaa mkekani nilimwambia kwamba watu wamepita wamekichukua kitabu. Hakuniuliza watu gani. Alisema tu, "Basi maskini yule binti amebaki ng'ambo."

Njaa ilitukuta hapohapo. Askari wa Wadachi walikuwa wamechoma mashamba na maghala bondeni, na mvua zikachelewa. Tulichimba ming'oko, viazi vya porini, na ming'oko ikaisha. Bibi alikuwa anapitisha tonge lake kwangu akidai ameshiba. Alifariki asubuhi moja kabla hatujakoka moto. Wanawake wa pale walimwosha kwa maji nusu mtungi niliyoyabeba kutoka bondeni, tukamzika Mnyambe, mimi na baba tukarudi Masasi wawili.

Mama Vitabu alirudi kutoka pwani muda mfupi baada yetu, amekonda, mguu umezidi kuchechemea. Kabati lilikuwa majivu. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza vitabu vyake. Hakuwa na orodha. Alikumbuka kila kitabu na kila uso. Vingi vilikuwa vimeliwa na mchwa, au vimesokotewa tumbaku, au waliovichukua wamekufa. Alipofika kwetu alinikumbatia, akamwombea bibi, ndipo akauliza.

"Kimechukuliwa, mama," nilisema. "Na wapiganaji."

"Mliwaona? Ni nani?"

Alikuwa ameniinamia, macho yake machoni mwangu, yale macho yasiyokosea. Niliona atajua. Nilihitaji jina, lolote, la kumfanya aache kunitazama. Nikasema, "Mchonga mizinga."

Wallahi nilidhani amekufa. Hakuna aliyemwona tangu aende kunywa maji. Kwa akili yangu ya kitoto, maiti hashitakiwi.

Mama Vitabu aliketi chini. "Hata yeye," alisema. Akanishika kichwa. "Wewe huna kosa, mwanangu. Mlifika mto wa ngapi?"

"Wa tano."

Basi akanisimulia miwili iliyobaki, palepale, kwa sauti yake ya taratibu, mpaka binti yule akawakuta ndugu zake. Ulikuwa mwisho mzuri. Nililia hadi nikakosa pumzi, naye akadhani namlilia bibi.

Mchonga mizinga hakuwa amekufa. Alipigana mara moja, akaona risasi hazikugeuka maji, akatoroka, akarudi kwa mkewe kujificha. Mama Vitabu, bila nia mbaya, alikuwa amemsimulia mwalimu masikitiko yake kuhusu kitabu cha kijani. Mwalimu akamsimulia akida. Askari walikuja mchana kweupe, wakaingia nyumba ya mfinyanzi, wakamtoa mumewe amefungwa kamba. Na walipopekua walikuta nini? Kitabu cha nyuki, ambacho Mama Vitabu alikuwa hajafika kukiulizia, kimefungwa vizuri kwa kitambaa.

"Hiki cha misheni," akida alisema akikiinua watu wote wakione. "Mwizi na mwasi."

"Alinipa Mama Vitabu!" mfinyanzi alipiga kelele. "Muulizeni! Chonde, muulizeni!"

Hakuna aliyesubiri kuuliza. Mchonga mizinga alipopitishwa mbele ya ua wetu, akipelekwa boma la pwani, aliniona. Alitabasamu, nadhani kunitoa hofu.

Nilikimbia mpaka kwenye kibanda alichokuwa akiishi Mama Vitabu, nikamwambia yote, kitabu, moto, uongo, jina. Nilitazamia atanikumbatia tena. Kwa mara ya kwanza nikamwona na hasira.

"Hofu ningekusamehe hapohapo," alisema. "Mimi naijua hofu. Lakini umenitazama machoni ukanipa mtu."

Alinishika mkono kwa nguvu, akanipeleka kwa mfinyanzi, akanisimamisha mbele yake nirudie maneno yangu. Nikayarudia. Mfinyanzi alikuwa anakanda udongo. Hakuacha kukanda. Mama Vitabu alichukua fimbo na mihogo mikavu miwili, akashika njia ya pwani siku ileile, na mguu wake ule, kwenda kuwaambia wakubwa wa bomani kwamba kitabu cha nyuki alikitoa yeye mwenyewe, na kwamba kile kingine alikichoma mtoto.

Mwezi ulizunguka kabla hajarudi. Nilimwona kwa mbali anakuja peke yake, nikajua. Aliingia kwa mfinyanzi kwanza, nikasikia kilio. Alipotoka alinipita bila kusimama, akasema neno moja: "Nilichelewa."

Baba aliniambia niende kumtumikia mjane yule, nami nilikwenda kabla hajamaliza kusema. Nilimchotea maji na kumchimbia udongo mpaka nilipoolewa. Hakunipiga wala hakunitukana. Mara moja tu, tukianika vyungu, alisema, "Alikuwa akikupenda sana," kisha akaendelea na kazi. Ningependa angenipiga.

Misheni ilijengwa upya. Likaja kabati jingine, jepesi, la mbao za kuagizwa, na vitabu vipya kutoka Unguja. Ufunguo alipewa tena Mama Vitabu, kwani nani mwingine? Lakini hakumchagulia mtu tena. Watu walisimama mbele yake kama zamani, wakaanza kueleza walivyoota na nani amewaudhi, naye akatazama sakafu. Waliomjua walisema amezeeka. Mwalimu alisema afadhali, sasa kila mtu anajichukulia apendacho, foleni haichelewi. Ni mimi na mfinyanzi tu tulioelewa sababu: kitabu alichokichagua kwa mapenzi kilikutwa ndani ya nyumba ya mtu, na mtu huyo hakurudi.

Leo mahali pale pana zahanati na bomba la maji, na watoto wanaopita pale hawajui kama palikuwa na kabati, wala mama, wala majivu. Mizinga ya magogo haichongwi tena. Vitabu vimekuwa vingi kuliko mihogo, alhamdulillahi, na mjukuu wangu anasoma kile anachokitaka. Lakini nimeishi miaka yote hii bila kumpata mtu mwingine anayeweza kunitazama usoni akajua nikasome nini, na aliyeweza nilimwua uwezo wake nikiwa na miaka kumi.

Mimi mwenyewe nilikawia kwenda. Nilikwenda siku chache kabla ya harusi yangu. Nilinawa mikono mara mbili, nikasimama mbele yake, nikasubiri. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Nilitaka aniulize nimekula nini jana. Nilikuwa na jibu tayari.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, Somoe."

Nikangoja. Nje wanawake walikuwa wanatwanga. Alinyoosha kidole kuelekea kabatini, taratibu, bila kuinua macho.

"Milango iko wazi," alisema. "Chagua mwenyewe."

Nikachukua kilichokuwa karibu na mkono, nikatoka nacho. Sikumbuki kilihusu nini.